Kitochi cha noti na bei ya yakuti

Arusha, jiwe huuzwa mara mbili: kwanza kwenye simu, kisha mkononi. Broka hupiga picha, huirusha WhatsApp, nayo hufika Bangkok au Jaipur kabla mwenye mali hajamaliza chai. Mnunuzi makini hatosheki na picha ya juani. Anataka pia ya gizani, jiwe likiwa chini ya taa ya urujuanimno, mionzi ambayo jicho haliioni lakini huyafanya baadhi ya mawe yawake.

Wengi huanza na kile kitochi cha kukagulia noti bandia. Bei yake ni ya sokoni, ila sehemu kubwa ya mwanga wake ni zambarau ya kawaida. Zambarau hiyo ikigonga jiwe na kurudi, kamera huiona kama mng'ao, na jiwe lisilowaka kabisa linaonekana samawati. Taa za kazi ni mbili: ya wimbi refu, nanomita 365, na ya wimbi fupi, 254. Hii ya pili ni ghali zaidi na haina mzaha. Huunguza macho kama moto wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima. Tena kioo cha kawaida huizuia, hivyo anayepiga picha jiwe likiwa ndani ya kabati la vioo anajisumbua.

Ndani ya jiwe, kromiamu huwasha na chuma huzima. Mwaka 2007, Ipanko karibu na Mahenge, zilichimbwa spineli kubwa ajabu, moja ikizidi kilo 50. Spineli za huko huwaka nyekundu kama kaa, na picha yake ya gizani hujiuza yenyewe. Rubi za Thailand, zenye chuma kingi, hufifia. Zumaridi za Zambia nazo zina chuma, jiwe lenyewe hubaki kimya. Lakini mafuta yaliyopenyezwa kwenye nyufa mara nyingi huwaka manjano, na ufa wote ukajichora. Kwa kazi hiyo moja tu, taa imekwisha kurudisha gharama yake.

Tatizo ni mawe yaliyochomwa. Kuchoma kwenyewe hakuna anayekulaumu, mradi umesema. Tanzanite karibu yote ya madukani imepitia moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi ili kahawia iondoke, na taa haina la kusema juu ya hilo. Yakuti samawi ni habari nyingine: ikichomwa kwa joto kali, mara nyingi chini ya wimbi fupi hutoa utando mweupe kama vumbi la chaki. Broka akiuona hushangilia kwamba amemkamata mtu. Asikimbilie. Yakuti ya kiwandani ya njia ya Verneuil, iliyojulikana tangu 1902, huweza kuonyesha utando unaofanana na huo, na baina ya yakuti ya ardhini iliyochomwa na ile ya kiwandani bei hazisalimiani.

Songea ilitoa somo gumu zaidi. Yakuti zake nyingi, zenye rangi zisizovutia, zilipelekwa Chanthaburi, Thailand, zikatoka tanuruni manjano na machungwa ya kupendeza. Mapema 2002 soko la dunia likashtuka: ndani ya moto ule kulikuwa na beriliamu iliyopenya jiwe na kulibadili rangi. Taa haithibitishi jambo hilo. Maabara hulazimika kuchoma kitundu kidogo mno kwa leza na kupima kinachotoka.

Basi taa ni chekecho. Vito ghafi hutozwa mrabaha wa asilimia 6 tangu marekebisho ya sheria ya 2017, na mwenye jiwe dogo hawezi kuongeza juu yake gharama ya kutuma kila kipande maabara ya ng'ambo. Taa humsaidia kuchagua vipande viwili vitatu vinavyostahili cheti.

Picha ndiyo inayoharibu hesabu. Simu ikiachwa ijiamulie, hufungua macho gizani hadi mng'ao hafifu uonekane mkali. Sekunde 20 za kupokea mwanga zinaweza kumgeuza kimulimuli kuwa taa ya gari. Nimeona vito vimepigwa picha juu ya leso nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga. Leso iliwaka samawati kuliko jiwe. Wapigapicha wa madini huweka jiwe juu ya kitambaa cheusi kisichowaka, wakalipangusa nyuzinyuzi kwa brashi, wakaifunga kamera kwenye stendi, na mbele ya lenzi wakaweka kichujio cha kuzuia urujuanimno unaorudi. Kichujio cha kioo cheusi mbele ya taa nacho hukata ile zambarau. Rangi hupangwa kwa mkono, haiachiwi kamera.

Ushauri wangu kwa mabroka hauhitaji mtaji mkubwa: kando ya jiwe linalouzwa wekeni rubi moja ileile kila siku, ambayo mnajua inavyowaka, na chini ya picha andikeni nanomita na sekunde. Mnunuzi wa Jaipur akiiona rubi hiyo imepauka au imewaka kupita kawaida, atajua kamera imefanya nini kabla hajauliza bei.