Kompaila na Maktaba ya Usimbaji: Kasoro Iko Wapi?

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu yawe amri za mashine. Wapo wanaoiita mkalimani, nasi hatuafiki: mkalimani hufasiri papo kwa papo, ilhali kompaila hufasiri kitabu kizima kabla hakijasomwa.

Tuchukue Botan, maktaba ya programu za usimbaji iliyoandikwa kwa C++. Toleo lake la 3, la mwaka 2023, hudai C++20, yaani GCC 11 au Clang 14 kwa uchache. Mwanafunzi mwenye Ubuntu 20.04, inayokuja na GCC 9, hataweza kulijenga. Asiyaguse maandishi ya maktaba, kwani hayana dosari. Aulize kwanza umri wa kompaila kwa amri g++ --version, asakinishe mpya kando ya ile ya zamani, kisha aitaje wazi anapoendesha configure.py: --cc-bin=g++-11.

Lililo gumu zaidi ni pale maktaba inapojengeka, lakini kuiunganisha na programu nyingine kukashindikana, na ujumbe wa kosa ukawa na alama __cxx11. GCC 5, mwaka 2015, ilibadili namna matini yanavyopangwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Hivyo sehemu mbili zilizojengwa kwa mipango tofauti hazitambuani. Dawa ni kuzijenga zote upya kwa kompaila moja na mpango mmoja.

Hatimaye iendeshwe ./botan-test. Jaribio moja likianguka, maktaba hiyo isikabidhiwe siri ya mtu yeyote, hata kama ilijengeka bila onyo lolote.