Hazina Isiyo na Mlinzi

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kuvuruga ishara za satelaiti zionyeshazo mahali. Tarehe 3, Dave Ulmer alificha ndoo ya vitu vidogo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza tarakimu za mahali pale. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokeshingi. Leo jamaa zipigazo hema katika nchi za kigeni hutafuta kwa simu visanduku vilivyofichwa na wengine.

Sheria ni chache. Atwaaye kitu huweka kingine cha thamani ile ile au zaidi, huandika jina katika kijitabu, hukifunga kisanduku barabara na kukirudisha pale pale. Chakula hakiwekwi, kwa maana wanyama hukinusa.

Wazazi, pale hapana mlinzi. Mtoto hujifunza kumtendea haki mgeni ajaye kesho, asiyemjua wala hatamwona.