Goti la mwanao likiteguka uwanjani, usikimbilie kulikanda

Binti anacheza mpira wa pete shuleni. Anaruka, anadaka mpira, anatua kwa mguu mmoja, kisha anageuka ghafla ili atoe pasi. Hakuna aliyemgusa, lakini anaanguka chini akilia huku ameshika goti. Wenzake wanadhani anadeka.

Hadeki. Mara nyingi pia ya goti huteguka hivyo hivyo, bila mchezaji kugongwa na mtu.

Pia ni ule mfupa mdogo unaoushika kwa mbele unapogusa goti. Mguu unapokunjwa na kunyooshwa, mfupa huo huteleza kwenye mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Unyayo ukibaki umekita chini, goti likiwa limekunjwa kidogo, halafu mwili ukageuka, misuli ya paja huivuta pia hadi ikatoka nje ya mfereji wake. Karibu kila mara hutokea kwa upande wa nje wa goti, na kano zinazoishikilia kwa ndani huchanika.

Katika mpira wa pete, aliyedaka haruhusiwi kukimbia na mpira, hivyo hulazimika kusimama ghafla na kugeukia mguu mmoja. Soka, mpira wa kikapu na hata kucheza muziki vina migeuko ya aina hiyo.

Wanaopatwa zaidi ni vijana wanaokua haraka, hasa wa miaka 10 hadi 17. Baadhi wamezaliwa na mfereji usio na kina cha kutosha, au viungo vyao vimelegea.

Wazazi wengi hukosea hapa: mtoto akinyoosha mguu, pia huweza kurudi yenyewe. Goti linaonekana zima, kisha linavimba. Nyumbani linakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa, jambo linaloweza kuzidisha uvimbe. Huenda ndani kuna kipande cha mfupa au gegedu kilichomeguka, na hicho hakionekani kwa macho.

Mtoto akiumia hivyo, fanya haya:

• Mwache katika mkao unaompa nafuu. Usiisukume pia ili irudi.

• Tegemeza mguu kwa mto au kanga iliyokunjwa.

• Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20.

• Mpeleke hospitali akapigwe picha ya eksirei, hata kama pia imesharudi.

Wengi walioteguka mara ya kwanza hawahitaji upasuaji. Wanachohitaji ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga, wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa wiki kadhaa au hata miezi. Akirudi kucheza kabla mguu haujapata nguvu, goti linaweza kuteguka tena kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo zungumza na mwalimu wa michezo kabla hajampanga tena kwenye timu, hata kama UMISSETA imekaribia.