Presha ya Nakuru si ya Mombasa: Kabla fundi hajang'oa injini yako

Kuna hukumu ambayo wenye magari wa Nakuru wameizoea hadi hawaikatii rufaa tena: "Mkubwa, injini imekwisha." Hutolewa haraka, bonneti ikiwa bado iko juu, na dawa yake ni moja tu. Tafuta injini nyingine iliyotoka Japani, lete pesa, keshokutwa unaondoka na gari. Ushahidi ni geji ya kompresheni inayosoma 150, na simu ya fundi inayosema injini ya aina hiyo haifai kushuka chini ya 156.

Tuitazame injini yenyewe. 1NZ-FE ya Toyota, sisi 1,500, ndiyo iliyomo ndani ya Probox nyingi zinazobeba abiria, viazi na maziwa kati ya Nakuru, Njoro, Molo na Subukia. Kwa vipimo vya kiwanda, silinda nzima ya injini hiyo hufikisha psi 213 hivi. Ikishuka chini ya 156 huhesabiwa imechoka, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine haifai kuzidi 15 hivi. Namba hizo hazina kosa lolote. Shida ni kwamba zinahesabu hewa ya usawa wa bahari, na Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari.

Silinda haitengenezi hewa. Huivuta ile inayoikuta nje, kisha pistoni huibana. Hapa Nakuru kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo injini huanza kubana ikiwa na upungufu wa moja ya tano hata kabla ya kitu chochote kuharibika. Injini iliyo sawasawa inayosoma 213 Likoni itasoma 170 hapa. Ile 156 ya kitabu inakuwa 125. Na ile 150 iliyoangamiza bajeti ya mwenye gari, ukiigawanya kwa 0.8, ni 188 ya pwani. Si injini mpya, lakini haijafa. Ukiipeleka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, itasoma 133 au karibu na hapo, bila ringi hata moja kuguswa.

Ndiyo sababu Probox iliyojaa hupanda Mau Summit kwa taabu hata kama imetoka sevisi juzi. Hewa ni chache, basi. Mtu akikuambia kwamba gari lake "lilikuwa na nguvu Mombasa", mwamini, wala usimfungulie injini.

Injini kuukuu yenyewe si aibu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Kwa sheria ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, gari kuukuu linaloingia Kenya lisizidi miaka minane, na wengi wetu tunalinunua likiwa limekaribia mpaka huo, kisha tunalitumia muongo mwingine. Geji ya fundi wa nchi hii itakutana na injini za makamo siku zote. Kazi yake ni kutofautisha uzee na ugonjwa.

Ugonjwa huonekana kwenye tofauti. Silinda nne zikisoma 150, 148, 152 na 147, hiyo ni injini ya makamo iliyozeeka kwa usawa, na mwenyewe anaweza kwenda zake nyumbani. Zikisoma 150, 148, 95 na 151, sasa kuna kesi. Namba tatu inapoteza hewa mahali fulani, na mahali hapo panaweza kutafutwa na kupatikana.

Dalili zake mwenye gari anazijua: gari linamisi, linatetemeka likiwa limesimama kwenye taa, na stata inapozunguka hutoa mlio usio sawa, mizunguko mitatu mizito na mmoja mwepesi. Lakini silinda inaweza kumisi hata kama kompresheni yake ni nzima. Kwa hiyo fundi mwangalifu kwanza huhamisha koili na plagi ya silinda mbovu na kuziweka kwenye silinda jirani. Kumisi kukihama pamoja navyo, umepona kwa bei ya koili au plagi. Kazi hiyo ni ya dakika 10, na inashangaza ni wangapi hawaifanyi.

Kisha ndiyo geji. Nilimtazama fundi mmoja wa jua kali katika eneo la viwanda akiifanya kazi hii inavyopaswa, na kilichonivutia ni jinsi alivyokawia kuanza. Aliliacha gari liwake hadi likapata joto lake la kawaida. Aling'oa fyuzi ya pampu ya petroli na kuchomoa soketi za koili zote. Alifungua plagi zote nne, si moja, akazipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa silinda zake. Alipima betri. Halafu akamwambia mwenye gari aingie, akanyage mafuta hadi sakafuni, na azungushe stata hadi aambiwe basi. Mshale wa geji uliruka mara sita, akapaza sauti, "Inatosha," akaandika namba kwa chaki kwenye ukingo wa bonneti.

Kila hatua kati ya hizo ina sababu. Plagi tatu zikibaki ndani, stata hulemewa na kuzunguka polepole, na namba hushuka. Mguu usipokanyaga mafuta, mlango wa hewa hubaki umefungwa, silinda hazina cha kubana, na injini nzima husoma kama maiti. Betri dhaifu hufanya vivyo hivyo. Nadhani injini nyingi zilizozikwa katika mji huu ziliuawa na mguu ambao haukukanyaga.

Namna mshale unavyopanda nayo ina habari. Silinda nzima hupita nusu ya safari kwa mruko wa kwanza. Yenye ringi zilizolika huanza chini, kisha hupanda kidogo kidogo kila mruko. Yenye valvu iliyoungua huanza chini na kubaki huko huko, hata ukizungusha stata hadi betri ichoke.

Silinda mbovu ikishajulikana, inamiminiwa kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, kisha inapimwa tena. Oili huziba kwa muda nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Namba ikiruka kutoka 95 hadi 135, ringi au ukuta ndio wenye makosa. Isiposogea, tazama juu: valvu, au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Na zote nne zikiwa chini kwa kiasi kimoja, kabla ya kutaja ovaholi chunguza kama cheni au mshipi wa taimingi umeruka meno.

Baada ya hapo ndipo hufika kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kifaa cha bei kubwa na hakibabaishi. Fundi yule alikuwa na plagi kuukuu aliyoitoa kaure ya ndani, akaichomelea chuchu ya mpira wa kompresa ya kujazia matairi. Aliifunga kwenye silinda namba tatu, akageuza injini kwa mkono hadi pistoni ikafika juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, akatoa spana kwenye boliti ya krenki na kuiweka mbali. Hilo la spana si dogo: presha inaweza kuisukuma pistoni chini kwa ghafla, na spana iliyosahaulika huvunja mkono. Akafungulia hewa, akaomba redio izimwe.

Hewa inayotoroka ina njia nne kuu. Ikisikika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Ikipuliza kutoka bomba la moshi, valvu ya kutoa imeungua. Ikija kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili, imepita ringi. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, ama gasketi imekwisha ama hedi ina ufa. Silinda yoyote huvujisha kidogo kupitia ringi, hilo lisimtishe mtu. Lakini siku ile mvumo ulitoka nyuma ya gari, kwenye bomba la moshi, na kila aliyekuwa karibu aliusikia. Ilikuwa valvu moja. Hedi ilishuka, valvu ikabadilishwa na kusagiwa kiti chake, gasketi mpya ikafungwa. Bloku, pistoni na krenki havikuguswa.

Kwa matatu na malori ya dizeli kanuni ni ile ile, ila namba ni kubwa zaidi. Dizeli nzima inaweza kupita psi 400 usawa wa bahari, na geji ya petroli haifai kukaribia hapo. Halafu dizeli haina plagi ya cheche. Joto la hewa iliyobanwa ndilo huwasha mafuta. Kwa hiyo injini iliyochoka inayowaka vizuri saa sita mchana Nakuru itagoma alfajiri ya Molo, ambako hewa ni baridi na chache zaidi. Matatu inayosukumwa kila asubuhi inaomba kupimwa, si betri mpya.

Kwa nini silinda za huku huharibika? Vumbi ndilo la kwanza kwangu. Udongo wa bonde hili ni majivu ya volkano, chembe ngumu zinazokwangua chuma. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, kunachimbwa diatomaiti, udongo mweupe uliojaa silika ambao viwanda huutumia kuchujia na kung'arishia. Magari ya mbio za dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, yalikutana na vumbi laini la Kedong, karibu na Naivasha, lililomeza magurudumu. Probox ya Rongai hukutana na vumbi la aina hiyo kila siku ikiwa na filta ya karatasi ambayo imepulizwa kwa kompresa hadi ikatoboka. Filta yenye tundu ni hasara kuliko filta chafu. Chafu hunyima injini hewa. Yenye tundu huipa mchanga, na ringi huanza kulika.

La pili ni joto. Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Timboroa karibu 91. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko chenye springi na mpira, kitu kidogo kinachobana mfumo mzima hadi maji yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira huo ukipasuka, mlima kutoka Salgaa unatosha kuchemsha injini, na hedi ya aluminiamu hupinda. Dawa ya mitaani ni kung'oa themostati. Injini haichemki tena kwa muda, lakini sasa hufanya kazi ikiwa baridi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika polepole huku mwenye gari akimsifu fundi.

Mafuta machafu yana sehemu yake pia. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuvunja biashara ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Petroli iliyotiwa mafuta taa hulipuka kabla ya wakati na inaweza kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Injini ikianza kugonga mara tu baada ya kujaza tangi, badilisha kituo.

Sisemi injini isibadilishwe kamwe. Ukuta wa silinda ukiwa umechanika, au hedi ikiwa na ufa usiotengenezeka, kubadilisha huenda kukawa nafuu. Lakini ile injini ya Japani iliyolala juu ya tairi dukani haina historia, na namba yake si iliyo kwenye logbuku yako, hivyo itakubidi ufuatilie mabadiliko hayo NTSA, mamlaka inayosajili magari. Nayo ipimwe kwa geji kabla hujalipa, silinda zote, na muuzaji asiyekubali amekwisha kujibu.

Kwa hiyo, ukiambiwa injini imekwisha, usibishane. Mwombe fundi akuandikie namba za silinda zote nne, kavu na zenye oili, akuonyeshe mguu ulikanyaga mafuta wakati wa kupima, na akusikizishe hewa inakotokea. Zidisha namba ya kitabu kwa 0.8 kabla ya kulinganisha. Akikosa majibu hayo, mlipe kazi ya kupima aliyoifanya, mwambie arudishe plagi, na upeleke gari kwa mwingine.