Mnyama wa Barafu

Hapa Singida barafu mnaijua kwa mvua ya mawe. Lakini kaskazini kabisa ya dunia hata bahari huganda. Mwaka 1953 ilitoka sinema ya Marekani iitwayo The Beast from 20,000 Fathoms. Ndani yake bomu la atomiki linalipuliwa, barafu inayeyuka, na mnyama wa kale anaamka na kwenda kuubomoa mji wa New York.

Je, mnyama huyo alikuwapo? La. Fedha zilikuwa chache, basi fundi Ray Harryhausen alitumia sanamu ndogo yenye viungo. Aliisogeza kidogo, akapiga picha moja. Akaisogeza tena, akapiga nyingine. Picha 24 zikipita kwa sekunde moja, jicho hudanganyika, sanamu ikaonekana inatembea. Haya, hesabuni: dakika moja ni picha ngapi? Ni 1,440.

Basi mtoto wako akirudi kutoka sinema anatetemeka, usimcheke. Mweleze kazi ya fundi. Hofu hupungua mtu akijua jambo lilivyofanyika.

Sasa andikeni: barafu, sanamu, jicho.