Bastola za Kati ya Enzi Mbili

Wanachama wa Single Action Shooting Society hawaitani majina waliyopewa na wazazi wao. Chama hicho kilianzishwa California mwaka 1987, na kila anayejiunga hujichagulia lakabu inayosajiliwa, isiweze kuchukuliwa na mwingine. Uwanjani, mwalimu mstaafu huwa sherifu na fundi bomba huwa mchunga ng'ombe wa Texas. Huja na kofia pana, vizibao, magauni marefu na buti za ngozi, mavazi ya mwishoni mwa karne ya 19. Kila mshindani hubeba bastola mbili, bunduki ya aina ya Winchester na shotgani, akalenga mabamba ya chuma huku saa ikimhesabia. Kila bamba analolikosa humwongezea sekunde 5.

Silinda ya bastola ina vyumba 6, lakini hutiwa risasi 5 tu na nyundo ikalazwa juu ya chumba kitupu. Kazi hiyo hufanyika mezani, mtu mwingine akishuhudia, na hakuna anayesamehewa desturi hiyo, hata bingwa.

Washindi wengi hutumia Ruger Vaquero au nakala za Colt ya 1873, nami sioni kosa: ni imara na hazisumbui. Ninaowahusudu ni wale wanaochagua bastola zilizogeuzwa, yaani za kushindiliwa baruti zilizofanywa zitumie risasi kamili, wakijua fika kwamba watapoteza sekunde.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, bastola nyingi zilikuwa bado zikishindiliwa kama gobori: baruti na risasi kutoka mbele ya kila chumba, kisha fataki nyuma. Silinda iliyotobolewa moja kwa moja, inayopokea risasi kamili kutoka nyuma, ilikuwa imefungwa na hataza ya Rollin White ya mwaka 1855, na haki yake walikuwa nayo Smith & Wesson. Remington walipata ruhusa ya kugeuza zao mwaka 1868. Colt walisubiri hadi hataza ilipokwisha mwaka 1869. Wakiwa na shehena ya vipuri vya zamani, waligeuza kwa mbinu ya Charles Richards, hataza ya 1871, kisha kwa ile ya William Mason ya 1872. Mwaka 1873 ikatoka Colt mpya, Peacemaker.

Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Magharibi katika miaka hiyo, asiye na pesa ya silaha mpya, angeweza kabisa kuwa na ya zamani iliyotengenezwa upya. Sinema zilimpa kila mtu Peacemaker, kama zilivyowafuta wachunga ng'ombe weusi mfano wa Nat Love, aliyezaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854. Anayevaa bastola iliyogeuzwa kiunoni anarekebisha sehemu ya hadithi hiyo, na hilo nalithamini sana.

Nakala nyingi za bastola hizi hutoka Italia, karibu na Brescia: watengenezaji Uberti wako Gardone Val Trompia, na Pietta wako Gussago. Mwitaliano mwingine, Sergio Leone, ndiye aliyempa Clint Eastwood Colt Navy iliyogeuzwa katika filamu yake ya 1966, ingawa kisa chake ni cha 1862, miaka karibu kumi kabla bastola kama hiyo haijakuwapo. Wana jamii hii wanalijua kosa hilo na bado wanaipenda filamu.

Kuchagua bastola iliyogeuzwa huanzia mkononi. Mpini wa Colt Navy ya 1851 ni mdogo na humkaa vizuri mwenye kiganja chembamba. Wa Army ya 1860 ni mrefu zaidi. Risasi za .38 Special ni nafuu na hazirushi mkono. Wanaoshindana kwa baruti nyeusi hupendelea .44 au .45 Colt, kwa mshindo na wingu zito la moshi.

Kazi kubwa ya kuirekebisha huja baadaye. Bastola za Colt za mtindo huu hazina upau juu ya silinda. Mtutu hushikwa na mhimili wa silinda na kabari moja inayopita katikati yake. Kwenye nakala nyingi za Uberti mhimili ni mfupi kidogo, haufiki mwisho wa tundu lake ndani ya mtutu. Ukiigonga kabari kwa nguvu, mtutu huvutwa nyuma na silinda ikakwama. Ukiilegeza, mtutu hucheza. Fundi hujaza nafasi hiyo kwa kipande cha chuma, akakisugua kidogo kidogo mpaka mhimili uguse mwisho na pengo la silinda libaki lilelile kila kabari inaporudishwa. Mpaka hapo hakuna haja ya kugusa kitu kingine.

Springi kuu hupunguzwa ukali, na ile bapa ya kifyatulio, inayovunjika upesi, hubadilishwa kwa ya waya. Komeo la silinda nalo hupimwa: lidumbukie katika kitundu chake nyundo inapofika mwisho wa kukokiwa, lisichelewe. Kilengeo cha mbele huachwa hadi mwisho, mtu akishaamua risasi atakayoitumia daima, kwa kuwa tupa huweza kupandisha mapigo tu. Bastola inayopiga juu huhitaji kilengeo kirefu zaidi.

Springi ikikatika katikati ya mashindano, mwenye nayo hatafuti sana: wazoefu hubeba kabari na springi za akiba, na mara nyingi anayezitoa ni mshindani wake wa daraja lilelile.