Vinyago Vinavyokenua: Utangulizi wa Sanaa ya Mashetani

Wahenga walidai kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Nia yao ilikuwa kumsuta mtu uliyemlea au kumpa cheo, kisha akajitutumua mbele yako. Sanaa ninayokukaribisha leo, msomaji, imeichukua methali hiyo kwa maana yake ya juujuu kabisa na kuipinga. Mchongaji ametoboa jicho la kinyago kwa patasi yake mwenyewe, anajua bei ya kinyago hicho, anajua hata boksi kitakamosafirishwa. Hata hivyo umbo likishasimama juu ya meza, linamtazama.

Chukua kazi moja ya kawaida katika fani hii. Jicho ni moja, nalo limekaa upande. Sikio limeota mahali pa shavu na limeshikwa na mkono usio na bega. Tumbo limefura, chini yake ipo miguu miwili, mmoja una vidole viwili tu. Mdomo ni mpana kuliko uso na umekenua meno yote. Mtoto akiona kitu hicho hukimbilia nyuma ya mama yake, kisha huchungulia, kisha hucheka. Hatua hizo tatu za mtoto ndizo tunazozisoma katika somo hili. Ni sanaa ya kutisha na kuchekesha kwa pumzi moja, na Afrika Mashariki ina hazina yake kubwa katika vinyago vya Kimakonde vinavyoitwa mashetani.

Wengi huingia katika somo hili wakidhani wanaingia katika dini ya kale. Niwaondolee dhana hiyo mlangoni. Mashetani wa mpingo hawakuchongwa ili waabudiwe, wala kuwekwa katika kilinge cha mganga. Walichongwa wauzwe. Umri wao, kwa hesabu za historia, ni mdogo kuliko umri wa bibi zetu wengi walio hai.

Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma: upande wa Tanzania kwenye nyanda za Newala, upande wa Msumbiji kwenye nyanda za Mueda. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wengi walivuka kutoka Msumbiji wakiikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, wakaja kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walikuja na tezo zao. Kufikia miaka ya 1950 wachongaji kadhaa walikuwa Dar es Salaam, wakichonga kile walichokiita binadamu: mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mtungi, mwindaji. Wanunuzi walikuwa wamisionari, maofisa wa kikoloni na wageni wengine. Kazi zilikuwa safi, na kusema kweli zilikuwa zimeanza kuchosha.

Mjini hapo alikuwepo mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyenunua vinyago na kuwatia moyo wachongaji watoke kwenye mazoea. Karibu na mwaka 1959, kama wanavyosimulia wachongaji na watafiti, Samaki Likankoa alimpelekea umbo lisilofanana na binadamu hata kidogo. Hilo ndilo linalotajwa kuwa shetani wa kwanza. Liliuzwa, Peera akaomba mengine, na katika muda mfupi mji ukawa na wachongaji wengi wa mashetani, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake kwa vituko.

Hapa ndipo wataalamu walipokwama kwa miaka mingi. Elimu ya sanaa ya Afrika ililelewa kutafuta vitu vya kale: kinyago kilichochezwa ngomani, kilichopakwa mafuta, kilichoachwa na babu. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mgeni mwenye fedha kilitupwa kwenye kapu la bidhaa za watalii, hata kama kilikuwa kimechongwa kwa ustadi wa ajabu. Msimamo wangu, ambao utauona katika somo zima, ni kwamba soko halikuiharibu sanaa hii. Soko ndilo lililoizaa. Mchongaji wa mashetani alipewa uhuru ambao mchongaji wa jandoni hakuwa nao: hakuna mzee aliyekuwa akimkagua kama amefuata desturi. Mnunuzi hakujua desturi yoyote, alitaka kushangazwa tu. Ndani ya nafasi hiyo mtu mwenye kipaji aliweza kwenda mbali sana.

Hata hivyo hakuanza na mikono mitupu. Wamakonde wana ngoma ya mapiko, inayofungamana na jando na unyago. Mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa kizima, kilichochongwa kwa mti mwepesi, na mara nyingi nywele halisi za binadamu hubandikwa kwa nta. Anayecheza hatakiwi kujulikana. Mbele ya wanawake na watoto yeye si jirani tena. Watu hukimbia, hurudi, hushangilia. Na vinyago hivyo havikubaki vilevile: ndani yake wamepita wakoloni, askari na watu wengine wa kuchekwa, kila kizazi kikiongeza wake. Zaidi ya hapo zipo simulizi za viumbe wa porini kama nandenga. Kwa hiyo ufundi wa kuchanganya woga na dhihaka ulikuwa umekwisha kukomaa kijijini. Mjini Dar es Salaam ufundi huo ulihama kutoka kwenye mti mwepesi wa kuchezea hadi kwenye mti mzito wa kuuza.

Mti wenyewe unastahili tukae nao kidogo, maana bila kuujua huwezi kuelewa kwa nini mashetani wamepindapinda namna ile. Mpingo haukui haraka. Hupita miongo mingi, hata zaidi ya miaka 70, kabla haujawa gogo la maana. Mara nyingi shina lake si nyoofu, lina vifundo, mipasuko na mashimo. Nje lina tabaka jembamba la rangi ya maziwa, ndani kiini cheusi kizito kiasi kwamba kikitupwa majini huzama. Viwanda vya Ulaya hukitaka kiini hicho kwa ajili ya zumari za okestra, na huko hutafutwa kipande kisicho na kasoro. Mchongaji wa mashetani hutafuta kasoro. Hulizungusha gogo, huangalia tundu lilipo, huangalia tawi lilipochepukia, kisha huamua. Tundu huwa tumbo lililo wazi, kifundo huwa goti, ule weupe wa nje huachwa makusudi uwe jicho au jino. Tezo hufanya kazi kubwa, patasi na tupa hufuata, msasa humalizia. Anayechonga binadamu hulilazimisha gogo. Anayechonga shetani hubishana nalo, na mara nyingi gogo hushinda.

Mtafiti Zachary Kingdon alikwenda mbali zaidi ya kuangalia: alijifunza kuchonga chini ya Chanuo Maundu, bingwa wa mashetani aliyeishi Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 2002 bado ndicho ninachowapa wanafunzi wangu kwanza. Faida yake ni kwamba kinamsikiliza fundi kabla ya kumwuliza mnunuzi.

Wakati mashetani wakizaliwa, mtindo mwingine ulikuwa ukipanda jina. Yakobo Sangwani alichonga nguzo za watu waliobebana, wakipandiana mabegani hadi juu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nguzo hizo zilijulikana kote kwa jina la ujamaa. Ilikuwa rahisi kuzitaja katika hotuba. Shetani hakufaa kwa hotuba yoyote, na nadhani hilo lilimsaidia.

Anayetaka kuona fani hii ikiruka kutoka kwenye mti hadi kwenye rangi, amtafute George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, akajifunza kuchonga kwao, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Haukupita muda mrefu akawa miongoni mwa wasanii wa kituo hicho, akichora juu ya ngozi ya mbuzi, akatengeneza batiki, akapaka rangi vinyago vya miti laini.

Mashetani wa Lilanga hawana huzuni ya mpingo. Ni wekundu, wa bluu, wa manjano. Masikio makubwa, midomo iliyofumuka, matumbo mbele. Na tazama wanachofanya: wanapanda basi, wanakwenda kliniki, wanagombania pombe, wanasengenyana. Majina ya picha zake ni ya Kiswahili na aghalabu ni sentensi nzima, za mtindo wa mtu anayesimulia habari za mtaani. Watu wa Ulaya humlinganisha na Keith Haring wa New York, na mimi huona ulinganisho huo ni wa uvivu. Haring alichora watu wasio na sura. Kila shetani wa Lilanga ana sura, na wakazi wa Dar wakiitazama vizuri wanaweza kuhisi wanamjua mwenyewe. Kisukari kilimsumbua mno miaka ya mwisho hadi akakatwa miguu, lakini karakana yake, iliyojaa wasaidizi, haikusimama. Alifariki mwaka 2005.

Ndugu wa fani hii wako mbali na karibu. Nitawataja wachache tu ili ujue pa kuanzia. Mwaka 1989 maonyesho ya "Magiciens de la terre" mjini Paris yalimweka John Fundi, mchongaji wa Kimakonde, chini ya mwavuli mmoja na Seth Kane Kwei wa Teshie, Ghana. Huyu alikuwa fundi wa majeneza yenye umbo la tunda la kakao, samaki au gari, ambayo watu wa kabila la Waga huwazikia wenzao kweli. Msumbiji, baada ya vita vya ndani kwisha mwaka 1992, Baraza la Wakristo chini ya Askofu Dinis Sengulane lilianzisha mwaka 1995 mradi wa kubadilishana silaha na majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zilizokatwakatwa zikaangukia mikononi mwa wasanii: mwaka 2001 Kester akaunda kiti cha enzi cha bunduki, ambacho sasa kiko British Museum, na Gonçalo Mabunda anatengeneza vinyago vyenye macho ya maganda ya risasi. Kutoka Nairobi, Wangechi Mutu hukata picha za majarida na michoro ya vitabu vya udaktari na kuunga wanawake wa kutisha na kupendeza, na Cyrus Kabiru huokota mabaki ya chuma na kuyageuza miwani ambayo hakuna daktari wa macho angeikubali.

Usije ukadhani kila kitu hapa ni dhahabu. Sehemu kubwa ya mashetani wanaouzwa barabarani ni marudio ya marudio. Wapo wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu na kuuita mpingo. Ukwaruze chini kwa kucha, na upime uzito mkononi. Kazi za Lilanga zina tatizo zito zaidi, kwa kuwa zipo alizozifanya mwenyewe, zilizofanywa na wasaidizi wake kwa idhini yake, na zilizofanywa na watu wasiomhusu kabisa. Kuzitenganisha ni kazi ambayo kizazi chenu kitalazimika kuifanya, na haitafanyika kwa kukaa maktaba peke yake.

Kuna jambo lingine linaloudhi. Makumbusho mengi ya nje yana vinyago hivi vimeandikwa "Makonde, karne ya 20" na basi. Kanisa lisingekubali kuandika "Mtaliano, karne ya 16" chini ya picha ya Michelangelo, lakini mchongaji aliyefika sokoni kwa miguu huku jina lake likijulikana na kila mtu pale kijiweni amekuwa kabila zima.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, kabla ya kusoma nadharia yoyote, nenda Mwenge, Dar es Salaam, au popote walipo wachongaji karibu nawe. Kaa nao, cheka pale kinyago kinapokuchekesha, na usione aibu kikikutisha. Kisha muulize aliyekichonga anaitwa nani, alijifunza kwa nani, na gogo lilitoka wapi. Andika majibu hayo yote matatu, na tarehe.